Namna ya Kuwasha Kompyuta ya Kijivu Ukiwa Kutulo

Vua viatu kwanza. Viache mlangoni, kwenye kivuli, kisha nawa mikono na uikaushe vizuri kabla hujagusa chochote. Miongozo ya kompyuta inayoandikwa kwingine huanza na kitufe cha kuwashia. Huu ni wa Kutulo, na Kutulo kazi ya kwanza ya siku ni vumbi. Mji huu, ambao ramani nyingine huuandika Kotulo, umekaa mpakani mwa kaunti za Wajir na Mandera, kwenye njia ya malori yanayotoka Wajir kupitia Tarbaj yakielekea Elwak, na kila lori likipita hutuachia sehemu ya barabara. Kioo cha kompyuta ya zamani nacho kina umemetuli unaolivuta vumbi kama sumaku ivutavyo sindano. Pitisha mkono karibu nacho mashine ikiwa imewaka, utaona vinyweleo vikisimama. Vumbi nalo huitika mwito huo huo.

Sheria ya viatu niliikuta Garissa mwaka 1999. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nikapelekwa kusoma pakeji, kama walivyopelekwa vijana wa wakati ule kote nchini. Pakeji zilikuwa DOS, Windows, Word, Excel, Access na PowerPoint, kwa mpangilio huo, na mwisho wake cheti chenye mhuri. Kijana aliyekaa nyumbani bila pakeji alionekana kama msafiri aliyeondoka bila maji. Chuo chetu kilikuwa chumba kimoja karibu na Soko Mugdi: kompyuta sita, wanafunzi watatu kwa kila moja, pazia nene dirishani, zulia sakafuni, na kila mashine imevikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni. Tuliingia miguu mitupu na kuzungumza kwa sauti ya chini. Wapo wanaousimulia utaratibu huo leo kama ushamba. Mimi nauona ulikuwa adabu iliyostahili, na nakuomba uurudishe kabla hujafikiria kurudisha kitu kingine chochote cha wakati ule.

Sasa itafute mashine. Usianzie dukani, anzia stoo. Shule na ofisi nyingi za mkoa wetu zina chumba ambacho hakuna aliyekifungua kwa miaka, na ndani yake, nyuma ya madawati yaliyovunjika, kuna monita mbili tatu zimelala uso chini. Nyingine zilikuja kwa mpango wa Computers for Schools Kenya, shirika lililoanzishwa mwaka 2002 kukusanya kompyuta zilizokwisha kutumika, kuzitengeneza na kuzipeleka mashuleni. Ukikosa stoo, nenda Eastleigh, Nairobi. Pale ndipo nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge ilipogeuzwa maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kutoka pale bidhaa za Dubai zikashika njia ya kaskazini. Muulize fundi, usimuulize muuza duka. Mwambie unataka Pentium yenye megabaiti 32 za kumbukumbu, iliyobeba Windows 95 au 98, na kibodi ambayo herufi zake bado zinasomeka. Atakutazama. Vumilia, rudia maneno yako kwa upole.

Monita iwe ya kioo cha tumbo, ile yenye mgongo mrefu. Usikubali ya bapa hata ukipewa bure. Picha za wakati ule zilichorwa kwa skrini ya nukta 640 kwa 480, yaani nukta 307,200 kwa jumla, na kioo cha tumbo huzilainisha nukta hizo pembeni hadi mstari uonekane mstari. Kwenye kioo bapa zinatoka na meno kama msumeno, halafu mtu anasema kompyuta za zamani zilikuwa mbaya. Hazikuwa mbaya. Ameziona kwa kioo kisicho chake.

Kwenye basi, ibebe mwenyewe. Ifunge kwa blanketi, ipakate, na uelekeze kioo tumboni mwako, maana uzito wote wa monita uko mbele. Ukiielekeza nje itakuvuta magoti kila tuta. Sipiyu, kama tulivyoliita sanduku lote, iweke miguuni. Ukifika Kutulo iache ilale usiku mmoja bila kuwashwa, itulie kutokana na mtikisiko wa njia.

Kabla ya kuchomeka, tazama nyuma ya sipiyu. Kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Umeme wetu ni wa volti 240. Swichi ikiwa kwenye 115, utasikia mlio mmoja na kunusa harufu moja, na safari yako yote itakuwa imeishia hapo. Isukume hadi 230 kwa ncha ya kalamu. Ukitumia sola, weka inveta yenye nguvu za kutosha, kwa kuwa monita ya zamani inakula sana dakika ya kwanza. Ukitumia jenereta, weka stabilaiza, kwa kuwa jenereta hupumua. Na usiwashe adhuhuri. Joto la Kutulo saa saba mchana linatosha kukaanga chochote bila msaada wa feni iliyojaa vumbi. Subiri alasiri iishe.

Washa, kisha usifanye kitu. Sikiliza. Monita itatoa mvumo mzito, kama mtu aliyegonga pipa tupu kwa kiganja: inajisafisha sumaku. Diski itaanza kuunguruma. Halafu, juu kushoto, kwenye giza, namba zitaanza kupanda. Hiyo ni kompyuta inayohesabu kumbukumbu yake yenyewe, na inahesabu mbele yako, kipande kwa kipande, kama mchungaji anayehesabu mbuzi wakiingia zizini jioni. Hesabu ikitimia itatoa mlio mmoja mfupi, maana yake kila kitu kimerudi. Ikiwa kuna kilichopotea, itasimama na kusema. Simu niliyo nayo sasa ina kumbukumbu mara nyingi zaidi na haijawahi kunihesabia hata moja. Inaonyesha nembo ya kampuni iliyoiunda, kisha inafunguka. Mimi naipenda mashine inayohesabu mbuzi wake mbele za watu.

Hapo huenda ikakuuliza tarehe. Ndani kuna betri ndogo ya kidonge, na ikishakufa mashine husahau leo ni lini na kurudi mwanzo wa hesabu yake. Kwa DOS mwanzo huo ni tarehe 1 Januari 1980. Usiipite haraka tarehe hiyo. Watu wa miji mingine wakitamani enzi ya kompyuta za kwanza, wanaweza kuitamani miaka ya 1980 nzima bila kukunja uso. Sisi hatuwezi. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi, Garissa, ulichomwa moto, na watu wakakusanywa kiwanjani. Tarehe 24 Januari 1984 kampuni ya Apple ilizindua Macintosh, kompyuta iliyoamka ikiwa na uso mdogo unaotabasamu. Siku 17 baadaye, tarehe 10 Februari, wanaume walianza kukusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, na wengi hawakurudi kwao. Hali ya hatari iliyotangazwa kaskazini mwaka 1963 ilikaa hadi 1991. Kompyuta ya kuwekwa mezani kwa mtu wa kawaida ilitufikia miaka hiyo ikiwa imepita, na ilipofika ilikuwa imeshatumiwa na mtu mwingine, mahali pengine, na wakati mwingine jina lake bado liko kwenye folda. Kwa hiyo zamani yetu, tunayoweza kuikumbuka kwa furaha, ni fupi na imechelewa. Nadhani ndiyo sababu naishika kwa mikono miwili. Andika tarehe ya leo, ubonyeze Enter.

Uso wa Windows 95 ukitokea, usiguse kipanya. Tazama rangi ya nyuma kwanza, ile ya kijani iliyochanganywa na samawati. Wengi wetu tuliosoma pakeji Garissa tuliiona rangi ile kabla hatujaiona bahari. Nilipofika Lamu baadaye nikatazama maji ya mkondo mbele ya mji, nilijua nimewahi kukaa mbele ya rangi ile saa nzima. Kisha tazama kijivu. Watu husema kijivu kile kilikuwa cha kuchosha. Sogea karibu. Chukua kitufe kimoja, chochote, na uangalie kingo zake: juu na kushoto kuna mstari mweupe, chini na kulia kuna mstari mweusi. Aliyechora alikubaliana na nafsi yake kwamba jua la dunia hiyo liko juu kushoto na haliondoki. Kwa mistari hiyo miwili kitufe kinasimama juu ya skrini kama tofali. Ukikibonyeza, mistari inabadilishana mahali, mweupe unakwenda chini, mweusi unakwenda juu, na kitufe kinazama. Kidole chako hakijagusa kitu, lakini jicho linaapa kimezama. Sehemu ya kuandikia nayo imechimbwa ndani, kama shimo la kupandia, ili ujue hapo ndipo mbegu inawekwa. Kisichobonyezwa ni bapa. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kuona kompyuta, na ambaye hasomi Kiingereza, aliweza kutofautisha kwa macho tu mlango na ukuta.

Hilo ndilo ninalolitafuta ninapoiwasha mashine hii, na nalisema wazi ili usidhani natamani mwendo wake wa polepole. Uso ule ulikuwa unasema ukweli kuhusu kazi yake. Mlango ulifanana na mlango. Kilichoshughulika kilionyesha saa ya mchanga, na watu wa huku, ambao mchanga wanaujua, walielewa bila kutafsiriwa. Leo neno moja limeelea katikati ya weupe, na unaligusa kwa kubahatisha: huenda ni kitufe, huenda ni maelezo, huenda ni tangazo. Nimemwona mama wa makamo dukani akigusa picha ya mbuzi kwenye skrini mara nne, akidhani inafunguka, na kijana wa nyuma yake akicheka. Mama yule hakuwa na kosa. Kingo zilikuwa zimeondolewa.

Sasa fungua Paint, na hapa nitakaa kidogo.

Kule chuoni mwalimu alianza kutufundisha kipanya kwa Solitaire, kama walimu wengi walivyofanya, kwa kuwa kuburuta karata kunazoesha mkono. Mchezo ule uliandikwa na kijana aliyekuwa kwenye mafunzo ya kazi Microsoft, Wes Cherry, na karata zake zikachorwa na Susan Kare. Siku moja mzee mmoja alikuja kumlipia mwanawe karo, akainamia skrini, akaona karata. Hakupaza sauti. Alimwambia mwalimu, "Mwalim, watoto tumewaleta wasome, na wewe unawatandikia kamari?" Mwalimu akajibu, "Adeer, wanazoesha mkono tu." Mzee akasema mkono ukizoea kitu, moyo haukai mbali. Mwalimu akaifunga Solitaire pale pale, akafungua Paint, akatuambia tuchore kitu tunachokijua kutoka nyumbani. Mwenzangu wa mashine, ambaye familia yake ilikuwa na ngamia upande wa Wajir, akachora sumad: alama ya moto ambayo mfugaji humpiga ngamia ili ajulikane popote atakapopotelea. Mistari miwili na nusu duara, minene, iliyopinda kidogo kwa sababu kipanya kilikuwa kinakwama. Mzee alikuwa bado amesimama. Akakunja macho, akanyoosha fimbo kuelekea kioo, akataja ukoo wenye alama ile, pamoja na kisima wanachonyweshea. Alikuwa hasomi. Alikuwa ameisoma ikoni ya kwanza ya maisha yake bila kufundishwa na mtu.

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi Susan Kare alivyofanya kazi Apple kwenye miaka ya 1983 na 1984. Alianza kwenye karatasi ya miraba, miraba 32 kwenda chini na 32 kwenda kando, akijaza mmoja mmoja kwa kalamu hadi ndoo ikawa ndoo na kalamu ikawa kalamu. Baadaye alichora pia ikoni za Windows 3.0, iliyotoka mwaka 1990. Alama ya kitufe cha amri cha Macintosh, ile ya kitanzi chenye pembe nne, aliitoa kwenye kitabu cha alama. Huko Sweden iliwekwa kuonyesha mahali penye jambo la kutazama. Kanuni yake na ya mpiga chapa wa ngamia ni moja: alama iwe na mistari michache, isomeke kwa mbali, isisahaulike, na isifanane na ya jirani. Chuma cha moto hakiruhusu mapambo, na miraba 32 hairuhusu. Ndiyo maana naumia nikiona ikoni za siku hizi zilivyofanana, zote miraba yenye pembe laini, zote rangi zinazoyeyukia nyingine, na za kampuni moja zote zikiwa na rangi zile zile nne. Mfugaji aliyepiga ngamia wake wote na wa jirani alama zinazofanana angeitwa mbele ya wazee.

Kwa hiyo zoezi la Paint ni hili. Chora alama ya nyumbani kwako, iwe ya ngamia, ya jahazi, ya kibuyu, yoyote ambayo bibi yako angeitambua. Ipunguze hadi miraba 32 kwa 32. Iweke juu ya folda yenye barua zako. Kisha mwite mzee mmoja aitazame kutoka mlangoni, miguu mitupu, na umuulize ni nini.

Baada ya hapo nenda kwenye DOS. Zima madirisha, baki na giza lenye mistari 25, kila mmoja herufi 80, na kistari kimoja kinachopepesa kikikungojea. Vijana wanaiogopa skrini hii kwa sababu haina cha kugusa. Lakini chumba chetu cha Garissa kilikuwa kimejaa watu waliopita duksi, yaani madrasa ya Kurani, na kwao jambo hili halikuwa geni. Mtoto wa duksi huandika aya kwenye loox, ule ubao wa mbao, kwa wino wa mkaa. Huisoma hadi ikae kifuani. Kisha huuosha ubao na kuandika inayofuata. Kinachobaki kiko kichwani, ubao ni wa muda. DOS ilitaka kichwa cha namna hiyo. Ulihifadhi amri moyoni, dir, copy, cd, del, ukaziita kwa jina, zikaja. Na ukiandika cls skrini yote inaoshwa, safi, kama loox iliyotoka kwenye maji. Mwenzangu wa mashine alizishika amri zote kwa siku mbili na mwalimu akashangaa. Mimi sikushangaa. Alikuwa na nusu ya Kurani moyoni.

Jifunze kuchapa kwa Mavis Beacon, programu iliyotoka mwaka 1987. Tulimpenda sana mwanamke yule Mweusi aliyesimama kwenye kasha amevaa suti, na tuliamini yuko mahali fulani Marekani anafundisha. Mwalimu mwenye jina hilo hakuwahi kuwapo. Uso ulikuwa wa Renée L'Espérance, mzaliwa wa Haiti, aliyeonwa akifanya kazi kwenye kaunta ya manukato. Nilipojua nilihuzunika siku nzima, na bado naamini alinifundisha, kwa sababu vidole vyangu vinajua kibodi. Ongeza hili: Kisomali kiliwekewa maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, bila alama za juu wala za chini, na Kiswahili vivyo hivyo. Kibodi ya Kiingereza ya mtumba ilitutosha pande zote mbili bila kubadilishwa kitufe hata kimoja. Bahati ndogo kama hizo huamua nani anaandika na nani anangoja.

Lugha ya menyu yenyewe ilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 2004 kundi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu ya kwanza, na Microsoft nayo ikaivisha Windows XP Kiswahili muda mfupi baadaye. Ukipata nakala ya Jambo, iweke kwenye kompyuta ya mtoto. Vitabu vya shule viliiita mashine tarakilishi, na vingine ngamizi. Nimemsikia mtoto wa Kutulo akilitamka hilo la pili kwa furaha kubwa, akiwa na hakika limetokana na ngamia. Sikumsahihisha.

Kuhusu disketi nitasema machache. Ni za inchi tatu na nusu, zinabeba megabaiti 1.44, na Sony waliacha kuzitengeneza mwaka 2011. Usizitegemee kuhifadhi kitu chochote unachokipenda. Ziweke mezani ili watoto wajue picha ile ya kuhifadhi, wanayoibonyeza kila siku, ni picha ya nini. Na usiiunganishe mashine hii na intaneti. Hata XP iliyokuja baadaye iliachwa bila ulinzi tangu Aprili 2014. Mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera umepangiwa kebo ya mkonga kando yake, na naingojea kwa hamu kama mtu mwingine yeyote, lakini ni kwa ajili ya mashine nyingine.

Kama huna stoo, huna nauli ya Eastleigh, wala huna pa kuweka monita ya mgongo mrefu, hujakosa. Chukua kompyuta ya mkononi iliyochoka, weka Linux yenye Xfce, kisha uivishe vazi linaloitwa Chicago95. Litakupa kijivu chote na kingo zote. DOSBox itakuletea giza la mistari 25 ndani ya dirisha. Yupo pia Andreas Kling, aliyeanza mwaka 2018 kujenga mfumo mzima, SerenityOS, kwa mapenzi ya uso huo wa miaka ya 1990, akauanza kutoka tofali la kwanza. Nawaheshimu watu wa namna hiyo. Wameona kwamba kilichoachwa hakikuachwa kwa sababu kimeshindwa. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 iliondoa kitufe cha kuanzia, mwaka uliofuata kikarudishwa, na mwaka 2021 Windows 11 ikakihamishia katikati. Mtu aliyejifunza kwa jasho akiwa na umri wa miaka hamsini kwamba mlango uko chini kushoto anaamka asubuhi anakuta ukuta. Hakuna aliyemuuliza.

Lakini kama uko Kutulo, huna haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Keti nje ya duka lolote saa za magharibi na umtazame mchungaji aliyeingia mjini. Atatoa simu ya kabambe, labda ile mulika mwizi yenye tochi kichwani, ambayo chaji yake inatosha kwenda malishoni na kurudi. Atafungua M-Pesa, iliyoanza Machi 2007 na ambayo kwenye simu yake bado ni orodha ya maneno. Atachagua, atathibitisha, ataingiza namba ya siri bila kuitazama kibodi. Akiangalia salio la muda wa maongezi atabonyeza nyota, namba, na reli, na ujumbe utamjia kwenye skrini usiozidi herufi 182, kwa sababu njia ile haibebi zaidi. Hakuna picha, hakuna kinachoteleza, hakuna kinachohama usiku. Kidole gumba chake kimehifadhi njia ile kama mwenzangu alivyohifadhi dir na copy. Ukimwambia anatumia uso wa kompyuta za kwanza hatakuelewa, wala hana sababu ya kukuelewa. Anauza mbuzi, na fedha imefika. Namwomba kila anayechora skrini za leo akae karibu na mtu huyu jioni moja, anyamaze, na amtazame gumba.

Usiku ukiingia, zima. Usivute waya. Bonyeza kitufe cha kuanzia, chagua kufunga, kubali. Skrini itakuwa nyeusi, na katikati yatatokea maandishi ya rangi ya chungwa yakikuruhusu kuzima, kwamba sasa ni salama. Ndipo unyooshe mkono wako mwenyewe hadi kwenye swichi. Acha monita ipoe robo saa kabla ya kuifunika, kisha itandike leso safi, mara mbili, na uikunje upande wa dirisha ambako upepo unaingia.

Chukua viatu vyako mlangoni. Vikung'ute kabla ya kuvivaa, kwanza kimoja, kisha kingine. Nge wa Kutulo hupenda viatu vilivyokaa kivulini.